Damu Iliyotangulia

Mwalimu wangu wa chuo cha Kurani alianza kupoteza sauti mwaka ule ule hospitali ilipoletewa mashine ya kupima gesi za damu. Sauti yake tuliijua sote tuliosoma kwake. Yeye akiketi juu dirishani, na sisi tuko chini uchochoroni tunacheza badala ya kudurusu, hakuwa akipiga kelele. Alisema tu, "Weye mtoto," na kila mmoja wetu akajua kuwa ndiye anayeitwa. Tukaitikia "Naam, Bi," kwa pamoja, tukapanda ngazi kimyakimya.

Alikuwa mwanamke wa Kiarabu, wa ukoo uliokuwa na mashamba ya karafuu upande wa Kizimbani kabla ya mapinduzi. Nilipomjua mimi hakuwa na shamba tena wala mume. Alikuwa na vyumba viwili katika nyumba kubwa ya mtaa wa Malindi waliyogawana watu wengi, na chuo chake cha watoto. Shingoni alikuwa na rovu, uvimbe wa koo. Siku zile za utoto wangu lilikuwa dogo, akilifunika kwa ushungi na sisi tukijitia hatulioni. Miaka ilivyokwenda likakua, likashuka nyuma ya mfupa wa kifua, likaanza kuibana njia ya pumzi. Akilala chali alikoroma kama mtu anayezama. Mwishowe akawa analala ameketi, mito imemzunguka, na sauti yake ikabaki uzi.

Mimi nilikuwa fundi wa maabara hospitali ya mjini, nikiishi Ng'ambo na mama yangu. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Wakaja wapasuaji wageni kwa muda, na pamoja nao daktari wa nusu kaputi, wa kuwalaza wanaopasuliwa, Mzungu, mwanamke mtu mzima aliyekuwa amekaa bara miaka mingi. Kiswahili chake kilikuwa cha huko, kimenyooka, cha polepole. Alikuja na mashine mbili. Moja tuliiweka maabara: unaitilia damu kidogo, baada ya kitambo inakwambia mna oksijeni kiasi gani, hewa chafu kiasi gani, na ukali wa asidi. Ya pili ilikuwa ya kukaa ubavuni mwa mgonjwa anapopasuliwa. Hiyo ilikuwa na uzi mwembamba kama wa kushonea, unaoingizwa ndani ya mshipa unaopiga kwenye kifundo cha mkono. Ukishakuwa mle ndani ya damu, unapeleka khabari kwenye kioo bila kusita.

"Hii ndogo hupotea njia," aliniambia siku ya kwanza. "Ikikaa kwa muda inaanza kukosea. Kwa hiyo tutatoa damu kidogo, wewe utaipeleka maabara, utaipima, utaniletea jibu. Na mimi nitaiambia mashine: ukweli ni huu, jirekebishe."

"Na majibu yakikhitilafiana sana?"

"Tunaamini maabara. Siku zote."

Basi kazi yangu ikawa kubeba damu. Alinifundisha kuitoa hewa yote katika bomba la sindano, kuliziba, na kulilaza katika bakuli la barafu. Barafu ni lazima, alisema, kwa sababu damu ikishatoka mwilini haiachi kupumua. Inaendelea kuila ile oksijeni iliyotoka nayo mpaka iishe. Barafu inaichelewesha tu.

Sikulipenda neno hilo. Miaka yote ile nilikuwa nikiiona damu iliyomo chupani kuwa ni kitu kilichokwisha. Toka siku ile, nikipanga chupa zangu asubuhi, nilijikuta nazipanga taratibu, kama mtu anayepita penye watoto waliolala.

Mwalimu alipokubali kupasuliwa, nilikwenda kumtazama kwake. Alikuwa ameketi kitandani, dirisha wazi, chuo kimeshafungwa kwa sababu hakuweza tena kusomesha.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu." Ilinibidi nisogee nimsikie. "Nasikia mutanitoa damu."

"Kidogo tu, Bi. Na nitaibeba mwenyewe."

"Ukishaipima, unaifanyaje?"

Nikamwambia kweli, kwamba humwagwa. Alivuta pumzi, na pumzi ile ilipita kwa mlio.

"Kucha zangu nnazizika," akasema. "Nywele zangu nnazizika. Damu yangu usinimwagie katika maji machafu."

"Sitoimwaga, Bi. Nitakuwekea."

"Basi nnakuja."

Alipasuliwa asubuhi ya kiangazi, jua kali, bahari imetulia. Nalitaja jua kwa sababu watu nikiwasimulia hudhani ilikuwa usiku. Mgonjwa alikuwa yeye peke yake siku ile. Nilipoingia thieta alikuwa ameshalazwa, mpira wa kupumulia umeshapitishwa kooni, macho yamebandikwa plasta yasikauke. Bila ya ushungi nilimwona mdogo. Mkono wake ulikuwa umenyooshwa juu ya ubao, na ule uzi umeingia kifundoni, na kwenye kioo cha mashine namba zake zilikuwa zikipanda na kushuka kidogo kidogo. Nilizitazama kwa muda. Zilikuwa kama kifua cha mtu aliyelala.

Damu ya kwanza daktari aliitoa mwenyewe. Nikaipeleka, nikaipima, nikarudi na jibu. Tofauti ilikuwa ndogo. Akabonyeza vitufe vyake, mashine ikajirekebisha, kazi ikaendelea. Bomba nikaliweka katika friji la maabara kama nilivyoahidi.

Ya pili aliitoa wapasuaji walipokuwa wameshaingia ndani ya shingo. Niliiona kwa macho yangu ikipanda katika bomba, nyekundu, ya kuwaka, kama mbegu za mzingifuri. Nikailaza kwenye barafu nikatoka.

Kutoka thieta mpaka maabara ilikuwa ni baraza moja ndefu ya ghorofani. Upande mmoja madirisha ya kuelekea bahari, upande wa pili vyumba vilivyofungwa, vya kuwekea vitanda vibovu. Nilikuwa nimefika katikati, penye dirisha lililopasuka kioo, nikaitwa.

"Weye mtoto."

Haikuwa ile sauti ya ugonjwa. Ilikuwa ya zamani, nzima, isiyopandishwa.

"Naam, Bi," nikasema, nikageuka. Mdomo ulikuwa umeshaitika kabla sijafikiri.

Hapakuwa na mtu. Mlango wa thieta ulikuwa umefungwa kule mwisho. Nyuma ya mlango ule mwalimu alikuwa amelala na mpira umepita baina ya nyuzi za sauti yake, na mtu wa namna hiyo hata kukohoa kwa sauti hawezi. Nilisimama na bakuli mikononi. Jua lilikuwa limelala sakafuni, na ndani ya bakuli barafu ikaalika. Nikatazama chini, nikaondoka kwa haraka.

Nilipolitoa bomba kwenye barafu, ile damu ilikuwa nyeusi, rangi ya ukwaju uliolowekwa. Nikaitia mashineni. Oksijeni ilikuwa karibu na si kitu, hewa chafu imejaa, asidi kali. Nikaitia tena, ikaleta yale yale. Nikachukua ile dawa ya kujaribia mashine, ambayo majibu yake yanajulikana, nikaipitisha, na mashine ikajibu sawasawa. Haikuwa imeharibika. Nikayaandika majibu katika karatasi, nikarudi, na safari ile sikutazama upande wa dirisha.

Daktari aliisoma karatasi mara mbili.

"Ulichelewa njiani?"

"Nilisimama kidogo tu. Si kwa muda wa kufanya hivi."

Akamtazama mgonjwa midomo, akamfunua kucha. Zilikuwa na rangi nzuri. Kioo cha mashine ndogo kilikuwa kinaonyesha kheri tupu. Akainama karibu yangu wapasuaji wasisikie.

"Hii ni damu ya mtu ambaye hapumui," akasema. "Na yeye anapumua."

Mimi nikingoja aiambie mashine ukweli ni huu. Hakuiambia. Alibaki ameishika karatasi, na juu ya kitambaa cha mdomo macho yake hayakuwa ya mtu anayefanya hesabu.

"Sijui hii ni nini," akasema. "Lakini siipendi. Tutoe nyingine."

Kisha akamgeukia muuguzi, akamwambia afungue kile kifurushi cha vyombo vya kutobolea koo, avipange juu ya meza. Mpasuaji akauliza, bila ya kuinua kichwa, vya nini. Daktari akamjibu kwa lugha yao, maneno machache. Baadaye nilimwuliza alisema nini. Alisema: "Kwa sababu nimeviomba."

Ya tatu niliibeba nikisoma Ayatul Kursi kwa sauti. Hakuna aliyeniita. Damu ilifika nyekundu, ikapimwa, ikalingana na kioo kama pacha na pacha. Nilipomletea jibu daktari alibonyeza vitufe vyake, lakini vile vyombo vya koo hakuviondosha mezani. Ile karatasi ya pili alinirudishia. Nikaitia mfukoni.

Rovu lilitolewa zima, kubwa, likawekwa katika beseni. Shingo ikashonwa. Nilikuwa nimeitwa kuchukua damu ya mwisho, kwa hiyo nilikuwa nimesimama pale pale daktari alipoanza kumwamsha. Alipomwona anavuta pumzi mwenyewe, akauchomoa mpira taratibu.

Pumzi moja iliingia. Ya pili haikuingia.

Nilielezwa baadaye. Njia ya pumzi ilikuwa imeegemea rovu lile kwa miaka mingi hata ikawa haina nguvu zake. Rovu lilipoondoka, na mpira ulipoondoka, ikalala kama bomba la mpira lililokanyagwa. Lakini kwa wakati ule niliona kifua tu kinajikaza na hakipandi. Daktari alijaribu kuurudisha mpira, haukupita. Akajaribu mwembamba zaidi. Midomo ya mwalimu ikageuka kijivu. Nami nilikuwa karibu na mashine ndogo, na namba zake nilikuwa naziona zinashuka, si kwa kurukaruka. Zilishuka kama mtu anayeteremka ngazi anayoijua. Oksijeni ikashuka. Hewa chafu ikapanda. Zikaenda, zikaenda, zikasimama.

Nilizitambua. Sikuwa na haja ya kuitoa karatasi mfukoni.

Mpasuaji akanyoosha mkono, na vyombo vilikuwa pale. Vingekuwa kabatini, katika kifurushi kilichoshonwa, sijui. Alikata, akasukuma kipande cha bomba shingoni, damu ikatoka na povu, kisha ukasikika mlio wa hewa ikiingia. Namba zikakaa pale pale kwa kitambo, halafu zikaanza kupanda ngazi ile ile.

Wakati wa adhuhuri yule daktari wa nusu kaputi alinifuata maabara. Aliipitisha dawa ya kujaribia mwenyewe, akafungua mashine, akasafisha, akapitisha tena. Ikawa sawa kila mara. Akaketi juu ya kiti changu, mikono mapajani.

"Kama ningekuwa kwetu," akasema, "ningesema umechanganya damu za wagonjwa wawili."

"Na hapa?"

"Hapa leo mgonjwa alikuwa mmoja."

Kisha akaniuliza kama ile damu ya pili bado ninayo. Nikamwonyesha friji. Hakutaka kuigusa.

Nilipofika nyumbani sikuweza kula. Mama akanitazama, akajua. Nikamweleza yote, mashine na namba, naye akawa anatikisa kichwa tu mpaka nilipofika pale barazani.

"Ukaitika?"

"Nkaitika."

"Mara ya kwanza? Hukungoja uitwe mpaka ya tatu?"

"Nlisahau, mama. Ilikuwa sauti ya mwalimu."

"Ndiyo sauti wanazotumia mashetani," akasema. Hakunikasirikia. Aliinuka akatia makaa katika chetezo, akanifukiza ubani nywele na nguo, na jioni ile alinilaza chumbani kwake kama nilipokuwa mdogo.

Mwalimu alikaa wodini muda mrefu na lile bomba shingoni. Kwa siku za mwanzo hakuweza kusema kitu. Baadaye wauguzi walimfundisha kuliziba tundu kwa kidole, hewa ipande mdomoni, apate kunong'ona. Mara ya kwanza kuongea na mimi ilikuwa asubuhi, wenzake wa wodi wameshuka kuota jua. Nilimwamkia. Akaziba tundu.

"Nlikwita," akasema.

Nikajifanya sikuelewa. "Lini, Bi?"

"Pale barazani. Penye kioo kilichopasuka." Akaondoa kidole, akavuta hewa, akaziba tena. "Umenibeba katika bakuli. Nnaona baridi, mwanangu, baridi ya kuuma. Nikakwita uniweke chini nipumue."

Thieta alipelekwa kwa ngazi za nyuma, akiwa ameshapewa dawa. Baraza ile hakupita. Nilitaka kumwuliza nani alimwambia khabari za bakuli, nikaona hapakuwa na wa kumwambia. Nilikuwa peke yangu.

"Ukaitika," akasema. "Lakini hukuniweka chini."

"Nisamehe, Bi. Sikujua."

"Si lawama." Alinitazama kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha zaidi. "Nataka kujua tu. Mule katika bakuli, nimetoka wote? Au nimebaki?"

Nikamwambia damu yake yote ninayo, sijaimwaga hata tone.

"Basi nipeleke nyumbani," akasema.

Nilimwelewa. Siku ya pili yake nilipewa ruhusa mapema. Nikayafunga yale mabomba matatu, kwani ya nne haikutolewa, ndani ya kitambaa cheupe, nikayatia kikapuni, nikaenda kwa miguu mpaka Malindi. Nyuma ya nyumba ile kulikuwa na kiwanja kidogo cha pamoja, na pembeni mwasumini mkongwe uliokuwa wake yeye, watu wote wa nyumba waliuheshimu. Nikachimba kwa kisu cha jikoni. Nilipoyafungua mabomba, la kwanza na la tatu yalikuwa yameshageuka meusi, kama damu yoyote iliyokaa. La pili lilikuwa jekundu.

Nimeshaambiwa kuwa pengine hewa iliingia. Damu iliyokwisha nguvu ikipata hewa huwa nyekundu tena, hata mimi nimewahi kuiona. Na kizibo huenda kililegea. Lakini nilikizibua mimi, na kilikuwa kimekaza. Nilimimina zote katika shimo, nikafukia, nikasoma Fatiha, kisha nikaona haya, kwa sababu mwenyewe alikuwa hai. Mwanamke mmoja wa nyumba ile alikuwa anaanika nguo. Aliniuliza nnazika nini. Nikamwambia paka. Akasema maskini.

Daktari mgeni aliondoka baada ya muda si mrefu. Siku ya kuaga alinishika mkono kwa mikono miwili, akasema akipata jawabu ataniletea. Mimi nadhani hakulitafuta. Nyuzi za mashine ndogo zilikwisha na hazikuagizwa nyingine, mashine ikafunikwa shuka na kusukumwa katika vyumba vile vya vitanda vibovu. Ile ya maabara tuliitumia mpaka ikachoka. Mimi nimeendelea na kazi mpaka nikastaafu, nimebeba damu za watu wasiohesabika, na hakuna nyingine iliyoniita. Hata hivyo nikiwa na bakuli sikuacha kusoma Ayatul Kursi.

Mwalimu alitolewa bomba, tundu likaziba, sauti ikarudi. Haikurudi ile ya zamani. Ilikuwa nyembamba na ya mbali kidogo, kama mtu anayesema akiwa chumba cha pili. Lakini alifungua chuo tena, watoto wakajaa ngazini. Akaniagizia nije. Nilipokwenda alinikumbusha kwamba mimi sikukhitimu, niliacha juzuu zimebaki nilipohamia Ng'ambo.

"Njoo tumalize," akasema. "Baada ya alasiri."

Nikaenda, mtu mzima mimi, nikaketi mkekani nyuma ya watoto mpaka waondoke. Ilikuwa furaha kwangu, sitaki kusema vingine. Alikuwa mkali kwenye matamshi kama zamani, 'kha' iwe 'kha' na 'dhadi' iwe 'dhadi'. Kilichokuwa kigeni ni kimoja tu, na ilinichukua muda kukiona.

Ilikuwa siku moja tumo katika sura niliyokuwa naijua vizuri. Nilikuwa nasoma bila wasiwasi, na yeye amefumba macho. Ghafla akanisahihisha neno. Nikasita, nikatazama mstari. Neno lile nilikuwa bado sijalifikia, lilikuwa mbele, aya ya pili yake. Nikadhani amejichanganya, uzee. Nikaendelea kusoma.

Nilipolifikia, nililikosea.

Hakufumbua macho. "Rudia," akasema, nami nikarudia.